Kijana Aliyepitiliza Kituo

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 16, na nilikuwa hodari wa kutembea kwa miguu bila kupenda. Kwetu ni Kanyanya, barabara ya Gayaza. Taksi za Kampala, zile Hiace nyeupe zenye miraba ya buluu ubavuni, hazina kengele ya kubonyeza. Ukitaka kushuka unapaza sauti kumwambia kondakta, “Maaso awo!” Yaani hapo mbele. Maneno mawili tu. Nilianza kuyapanga mdomoni tangu Kalerwe, nikiyarudia kimya kimya kama mtu anayehifadhi aya, na gari lilipokaribia kituo changu koo likakauka. Niliwaona abiria wote wakigeuka kunitazama. Niliisikia sauti yangu ikikatika katikati ya neno. Basi nilisubiri mwingine aseme. Siku ambayo hakuna wa kushuka Kanyanya nilipelekwa hadi Mpererwe, nikateremka pamoja na akina mama wenye vikapu, nikarudi kwa miguu na vitabu begani. Nyumbani nilisema jam ilikuwa mbaya.

Mama aliniamini. Tena alinisifu mbele ya wageni: “Huyu hana maneno kabisa.”

Kwa lugha ya hospitali hali hiyo ikizidi kipimo huitwa wasiwasi wa kijamii. Mimi nitaiita hofu ya watu, maana aliyenayo haogopi giza wala nyoka, anaogopa macho ya binadamu wenzake na yale anayodhani wanayawaza juu yake. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizungumza na wazazi na walimu wa mjini hapa kuhusu hofu hiyo, na kuhusu jambo linalotajwa kwa kunong’ona tu, vijana wanaofika mahali pa kutaka kujiua. Maneno ninayoyasikia ni yale yale. Mengine ni kweli.

Kama unayasoma haya na wewe mwenyewe umefika hapo, usingoje kumaliza makala. Piga 116, laini ya bure ya Sauti kwa mambo ya watoto, au 0800 21 21 21 ya shirika la Mental Health Uganda, nayo ni ya bure. Au mwamshe mtu aliyelala chumba cha pili. Hatakasirika.

“Mtoto mkimya ndiye mtoto mwenye adabu”

Uongo, na naanza nao kwa sababu ndio unaozaa nyingine.

Kampala inaishi kwa heshima ya Kiganda, hata sisi ambao si Waganda. Msichana hupiga magoti kusalimia, mvulana huinamisha macho, na mdogo haanzishi mazungumzo mbele ya wakubwa. Kiganda kina neno ensonyi, linalobeba haya na aibu kwa pamoja, na msomaji wa Kiswahili atamtambua ndugu yake: soni. Mtu asiye na ensonyi huonekana ameharibika. Sina ugomvi na hilo. Tatizo ni kwamba kanzu hiyo moja ya ukimya huvaliwa na watoto wawili tofauti. Wa kwanza amenyamaza kwa sababu mkubwa anasema. Mkubwa akiondoka, utakisikia kicheko chake mpaka kwa jirani. Wa pili amenyamaza kwa sababu moyo unamdunda na viganja vimelowa. Mkubwa akiondoka, huyu bado amenyamaza. Wageni wanawasifu wote wawili kwa maneno yale yale.

Haya ya kawaida humchelewesha mtu mlangoni. Hofu ya watu humfanya asiingie kabisa. Ndiyo maana madaktari hawapimi ukimya wenyewe. Wanauliza hali imedumu muda gani, miezi sita au zaidi, na imemgharimu nini mwenyewe. Mwanafunzi wa bweni anayelala na njaa kwa sababu hawezi kuvuka ukumbi wa chakula kwenda kupanga foleni ya posho, yaani ugali, na maharage, huyo imemgharimu. Mwanafunzi wa chuo anayelijua jibu na kuacha alama zipotee kwa sababu zinatolewa kwa kusimama mbele ya darasa, imemgharimu. Mtu anayeagiza roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai, isiyo na vitunguu pale Wandegeya, akapewa yenye vitunguu, akaila bila kusema neno, huyo si mgonjwa. Huyo ni mimi hadi leo.

Tafiti kubwa za Marekani zinaonyesha kwamba hofu hii huanza mapema mno: nusu ya walio nayo walianza wakiwa na miaka 13 au kabla ya hapo. Hebu uweke umri huo kwenye kalenda ya Uganda. Ndio umri wa kumaliza darasa la saba na kupelekwa bweni na godoro na sanduku la bati, mahali ambapo humjui mtu na utasikika kwa lafudhi yako tangu siku ya kwanza. Shule nyingi zimekuwa na desturi ya kumtungikia shingoni kibao au gunia mtoto aliyeshikwa akisema lugha ya kwao, akae nalo hadi amshike mwenzake. Mtoto mwenye moyo mgumu hulichukulia kama mchezo. Mwenye hofu hujifunza kwamba njia salama ni kutosema lugha yoyote. Mwisho wa muhula ripoti yake inaandikwa: mpole, ana nidhamu, aendelee hivyo hivyo.

“Haya ni maradhi ya wazungu”

Uongo huu una historia, na cha kuchekesha ni kwamba tuliuziwa na wazungu wenyewe.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyekuwa akiendesha hospitali ya Mathari kule Nairobi, kuhusu akili ya Mwafrika. Aliamini kwamba sonona ni adimu miongoni mwa Waafrika, kwamba hatujafikia kiwango cha kujilaumu moyoni. Miaka saba baadaye, mwaka 1960, ukatoka mkusanyo uliohaririwa na Paul Bohannan kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, na ndani yake zimo sura za Busoga, Bunyoro na Wagisu. Watafiti walikuwa wamefukua kumbukumbu za vifo na kukuta kwamba watu wa vijijini Uganda walijua kujiua, walikuwa na maneno yake, na walikuwa na sababu zake. Kisha akaja John Orley, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Waganda. Mwaka 1979 yeye na J. K. Wing walichapisha ulinganisho wa vijiji viwili vya Uganda na mtaa wa Camberwell jijini London, wakitumia vipimo vile vile kwa pande zote. Sonona ilikutwa zaidi vijijini Uganda kuliko London.

Lakini ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa lugha. Watafiti walipokwenda Masaka na Rakai, karibu na mwanzo wa karne hii, hawakuanza na maneno ya vitabuni. Waliwauliza wanakijiji: watu wanapopatwa na mambo mazito kama Ukimwi na misiba, huwa wanaugua nini? Wanakijiji wakataja, pamoja na mengine, okwekyawa na okwekubagiza. La kwanza ni kujichukia. La pili ni kujihurumia, kujiona huna mtu. Walieleza na dalili zake, moja baada ya nyingine, na ndani ya okwekyawa ilikuwamo hali ya kutotaka kuishi. Hakuna mzungu aliyewatungia neno hilo. Lugha huwa haipotezi nguvu zake kubuni jina la kitu ambacho wenyewe hawajawahi kukiona.

Yaliyofuata ni mazuri zaidi, nami nitayarudia chini.

“Hofu ya watu haimuui mtu”

Hapa nashindwa kutoa jibu la neno moja.

Peke yake, kwa wengi, haiui. Wengi mno wenye hofu hii wanaishi, wanafanya kazi, wanaoa na kuolewa, na wachache huandika makala. Ningemfanyia kijana dhuluma nikimwambia kwamba kutetemeka kwake mbele ya darasa ni hatua ya kwanza kuelekea kaburini. Ila hofu ni mlango, na kuna vitu vinavyopenda kupitia hapo. Watafiti wa Munich, Ujerumani, waliwafuatilia vijana zaidi ya 2,500 wenye umri wa miaka 14 hadi 24. Waliokuwa na hofu ya watu mwanzoni walielekea zaidi kupatwa na sonona miaka iliyofuata, na pale hofu na sonona zilipokutana kwa mtu mmoja, hatari ya kujaribu kujiua iliongezeka.

Njia yake inaeleweka hata bila hesabu. Anayeogopa watu huwakwepa, na anayewakwepa hubaki peke yake. Mtaalamu wa Marekani Thomas Joiner, katika kitabu chake cha 2005, anasema mawazo ya kujiua hukua mambo mawili yakikutana: mtu kuhisi kwamba hana kundi lake, na kuhisi kwamba yeye ni mzigo kwa wengine. Kijana mwenye hofu tayari anayo la kwanza. La pili hulipata kirahisi katika mji huu, ada ya shule ikiwa imelipwa kwa ng’ombe wa babu kuuzwa na yeye amefeli kwa sababu hakuweza kumwuliza mwalimu swali. Katika uchunguzi wa wanafunzi wa Uganda uliofanywa 2003, takriban mmoja kati ya watano alisema alishawaza kwa dhati kujiua katika miezi 12 iliyopita. Mambo mawili yaliyojitokeza kwa nguvu kwa hao yalikuwa upweke na wasiwasi.

Sijasema kwamba kila kifo cha namna hii kina hofu ya watu ndani yake. Daktari Eugene Kinyanda wa Uganda, aliyewachunguza watu waliofikishwa hospitali za Kampala baada ya kujidhuru, alikuta wengi ni vijana na kwamba mara nyingi kilichotangulia ni ugomvi na mtu wa karibu: mzazi, mpenzi, mwenza. Hakuna sababu moja. Gazeti likikuandikia kwamba mwanafunzi fulani alijiua “kwa ajili ya mtihani”, limekupa tone la mwisho na kukuficha mtungi uliokuwa umeshajaa. Dunia nzima watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 ndiyo sababu ya tatu ya vifo. Karibu robo tatu ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zilizo kama yetu.

“Kufungwa kwa shule kuliwapumzisha wenye haya”

Kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wanafunzi takriban milioni 15 walikuwa nyumbani. Kwa mtoto mwenye hofu ya watu ilikuwa kama rehema: hakuna kusimama darasani, hakuna foleni ya posho, hakuna kuitwa jina kwa sauti. Mama mmoja aliniambia kwamba binti yake “alipona” mwaka ule. Januari ilipofika, binti aliyepona alitapika asubuhi tatu mfululizo na kugoma kupanda gari.

Hofu hii hulishwa na kukwepa. Kila unapokwepa, mwili unapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha kwamba kweli kulikuwa na hatari. Kila nilipopitiliza Kanyanya nilishuka Mpererwe nikiwa nimetulia, na siku ya pili maneno yale mawili yalikuwa yamekuwa mazito zaidi. Miezi 22 ya kukwepa kwa amri ya serikali ni chakula kingi sana.

“Pombe humlegeza mwenye haya”

Kweli, kwa saa mbili. Baada ya hapo hurudisha hofu na riba juu yake, huvuruga usingizi, huizidisha sonona, na humwondolea mtu breki katika usiku ambao breki ndiyo iliyokuwa imemshikilia. Uganda ilipiga marufuku waragi wa vifuko mwaka 2019, miaka miwili baada ya Tanzania kuviondoa viroba vyake, na nilishangilia, maana kifuko kilikuwa kinatosha mfukoni mwa sare ya shule. Chupa ndogo za plastiki nazo zinatosha.

“Anayesema atajiua hajiui, anataka kuangaliwa tu”

Uongo. Wengi wanaojiua huwa wamewahi kumdokezea mtu. Na hata ingekuwa anataka kuangaliwa: mtoto ambaye miaka yote amekuwa akikimbia macho ya watu, leo ameomba umtazame. Mtazame.

“Ukimwuliza kama anawaza kujiua, unampandia wazo”

Huu ndio uongo unaonikosesha usingizi, kwa sababu wanaouamini ni watu wema. Mwalimu anaona dalili zote, mtoto ameacha kula, amewagawia wenzake vitu vyake, anasema maneno ya kuaga, na mwalimu anazunguka zunguka akiuliza kuhusu masomo. Anaogopa kulitaja neno, kana kwamba kulitaja ni kuliita.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 2,342 katika shule sita za sekondari za jimbo la New York. Nusu waliulizwa maswali ya wazi kuhusu kujiua, nusu hawakuulizwa. Siku mbili baadaye walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi kuliko wenzao. Waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu hawakuonyesha kuumizwa na swali. Kama kuna lolote, walionekana kupata nafuu kidogo. Wazo lilikuwepo tayari. Swali liliwapa mtu wa kulibeba naye.

Ila namna ya kuuliza ni muhimu, na kwa kijana mwenye hofu ya watu ni muhimu maradufu. Usimkalishe sebuleni uso kwa uso. Uso wa mtu, macho yakiwa yamemkazia, ndicho kitu anachokiogopa kuliko vyote. Kaa naye ubavuni, mikono ikiwa na kazi. Ninachokipendekeza kwa wazazi wa hapa ni kumenya matoke. Ndizi zipo nyingi, kisu hakiruhusu utazame pembeni, utomvu unanata vidoleni kwa hiyo hakuna anayeweza kukimbilia simu, na ukimya kati ya ndizi moja na nyingine haumtishi mtu. Anza kwa mbali: “Naona siku hizi umechoka sana, mwanangu.” Menya ndizi. “Wako watu wakichoka hivyo hutamani hata wasiwepo. Wewe imewahi kukufika?” Menya nyingine. Akinyamaza, au akisema kidogo, uliza moja kwa moja, kwa sauti ile ile uliyoombea beseni: “Umewaza kujiua?” Kisha nyamaza mpaka ajibu. Kwa uzoefu wangu hapo ndipo mzazi hushindwa. Hujijibia mwenyewe, “Hapana, wewe huwezi kuwaza hivyo,” na mtoto anakubali kwa adabu.

Akisema ndiyo, usipige ukelele, usimtajie moto wa jahanamu, na nakuomba sana usiitishe kikao cha ukoo. Nia yao ni njema, najua. Lakini watu wazima kumi waliojaa sebuleni kumwonea huruma mtoto anayeogopa watu ni adhabu iliyovaa nguo ya mapenzi. Mwulize anamtaka nani mmoja ajue. Inaweza kuwa ssenga, yaani shangazi, ambaye kwa Waganda kazi yake tangu kale ni kuambiwa yasiyosemeka kwa mama. Inaweza kuwa kaka wa jirani. Usimwache peke yake usiku ule. Ondoa nyumbani au ufungie vitu vinavyoweza kumdhuru, hilo pekee huokoa watu, kwa sababu saa ya hatari mara nyingi ni fupi na ikipita hupita. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, kama vile angekuwa amevunjika mguu. Kati ya watu kumi walionusurika jaribio, takriban tisa hawafi kwa kujiua baadaye.

“Kujaribu kujiua ni kosa la jinai Uganda”

Kweli, kwa bahati mbaya. Sheria ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza inamhesabu aliyejaribu kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Waingereza wenyewe walilifuta kwao kosa hilo mwaka 1961. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Oktoba, walishusha bendera yao hapa wakaondoka, na kifungu wakakiacha kabatini. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, namba 226, hadi Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Ghana ilikifuta cha kwao 2023.

Wachache hushtakiwa kweli. Madhara makubwa ya kifungu hicho hutokea mlangoni pa zahanati, pale familia inapomwambia muuguzi kwamba ni ajali. Mtoto anatibiwa mwili na kurudishwa nyumbani bila mtu kumwuliza kitu, kwa sababu anayeuliza anaweza kuwa shahidi. Sheria hiyo ilikuta udongo laini. Utafiti wa James Mugisha na wenzake kwa Waganda wa Wakiso, uliochapishwa 2011, unaeleza jinsi ukoo unavyojitenga na aliyejiua: maziko bila heshima za kawaida, hakuna kuomboleza hadharani, jina kutotajwa. Wazee walikuwa na mantiki yao, walitaka kuwalinda walio hai wasiambukizwe. Matokeo yake leo ni kwamba kijana aliyenusurika anajua kabisa, kabla hajafungua mdomo, kwamba sasa ana kitu cha kuficha kikubwa kuliko hofu yake ya kwanza.

“Butabika ni ya wendawazimu”

Mwambie mtu wa Kampala unakwenda Butabika, uone anavyopunguza sauti. Hospitali hiyo ya taifa ya magonjwa ya akili, karibu na ziwa, ilifunguliwa 1955 na jina lake limegeuka kuwa tusi la kila kiwanja cha mpira. Watu wanadhani ndani mna eddalu tu, wazimu wa kuvua nguo. Ukienda kliniki ya wagonjwa wa nje utakuta foleni ya watu waliovaa kama wewe: mtumishi wa benki asiyelala, mama aliyejifungua majuzi, mwanafunzi mwenye begi la chuo. Ina kitengo cha watoto na vijana. Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 iliiondoa ile ya kikoloni yenye asili ya 1938.

Lakini nisipake rangi. Daktari bingwa wa akili hapa ni takriban mmoja kwa kila watu milioni moja, na sensa ya 2024 ilituhesabu milioni 45.9. Huwezi kuisubiri foleni hiyo. Ndipo narudi Masaka na Rakai. Mwaka 2002, baada ya wanakijiji kuyataja maradhi yao, watafiti waliunda vikundi katika vijiji 15 kati ya 30. Kila wiki kwa wiki 16 watu wenye sonona walikaa pamoja na mwongozaji wa eneo lao, mtu wa kawaida aliyefunzwa wiki mbili, wakazungumza kuhusu misiba, magomvi na upweke. Mwishoni waliokuwa bado na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, kutoka 86. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7, kutoka 94. Shirika la StrongMinds, lililoanzishwa 2013, linatumia njia hiyo hiyo hapa Uganda. Kule Zimbabwe Dixon Chibanda alianza 2006 kuwaketisha bibi waliofunzwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, nayo imefanya kazi.

Vikundi vya Masaka vilikuwa vya watu wazima wenye sonona, si vijana wenye hofu. Tena kumwambia anayeogopa watu kwamba dawa yake ni kikundi kunahitaji ujasiri. Hata hivyo tiba inayojulikana kumfaa zaidi inafanana na hiyo kwa jambo moja: lazima iwe mbele ya watu. Unashushwa majini kidogo kidogo. Unaandika ngazi ya mambo unayoyaogopa, lililo jepesi chini na zito juu, unalifanya la chini hadi mwili uchoke kuogopa, ndipo unapanda. Dawa za hospitali huwasaidia baadhi. Maombi pia huwasaidia baadhi, na sioni kwa nini mtu achague kimoja.

Binti wa dada yangu ana miaka 17. Yule aliyetapika Januari 2022 ndiye huyo, na mama aliyeniambia kwamba amepona ni dada yangu. Ngazi yake tuliiandika pamoja nyuma ya daftari la hesabu. Ya chini kabisa: kumwomba mwenye duka chumvi wakati hakuna mteja mwingine. Ya juu kabisa: kusoma mbele ya darasa. Katikati, ngazi ya tano, aliandika mwenyewe, bila kujua habari zangu: kusimamisha taksi.

Jumamosi moja tulikaa kiti cha nyuma, barabara ile ile, yeye dirishani. Kuanzia Kalerwe niliona midomo yake ikitikisika. Tulipofika Kanyanya alisema, “Maaso awo,” na sauti ikafia kwenye redio. Kondakta alikuwa anahesabu noti. Gari likaendelea. Nilijishika nisimsemee, karibu nizitie meno ngumi zangu. Akavuta pumzi, akasema tena, safari hii kwa ukali kidogo kana kwamba amekasirika, na watu wawili wakageuka kweli, kama tulivyokuwa tumeogopa. Mmoja akagonga bati la gari kumsaidia. “Maaso awo, ssebo!”

Tulishuka tukiwa tumepitiliza kituo kwa nyumba tatu.

“Mjomba, umeona walivyonitazama?”

“Nimeona.”

“Yule mama alikuwa na mkate shavuni,” akasema, akaanza kucheka, na tukarudi kwa miguu.